Mkeka wa pima yangu: shajara ya ukili wakati wa matibabu ya saratani ya titi

3 Februari 2024. Wazo, na kosa la kwanza

Leo ni siku ya 23 tangu nifanyiwe upasuaji. Titi la kushoto limeondolewa pamoja na tezi za kwapani, na mkono wa upande huo haunyooki. Nikiuinua, kitu kama kamba kinakaza kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na kinaonekana kabisa chini ya ngozi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameniambia hali hii huwapata wengi waliotolewa tezi, na kwamba hulegea kwa kunyooshwa kidogo kidogo kila siku. Amenipa zoezi la kupandisha vidole ukutani kama mjusi anavyopanda.

Shangazi yangu ametoka Kibiti, mkoani Pwani, kuja kuniuguza, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu: kuku wawili na kicha cha ukindu, majani ya mkindu ya kusukia. Jana jioni alikuwa kibarazani anasuka ukili, ule mkanda mrefu ambao hushonwa kuwa mkeka. Alipofika mahali akasimama, akautandaza ukili kifuani, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kujua amefikia wapi. Pima moja. Nikamwomba na mimi nijaribu. Mkono wa kulia ukaenda wote. Wa kushoto ukagoma, kiwiko kimekunjika. Shangazi hakusema neno. Akachukua futi ya fundi cherehani akanipima: mita 1.27.

Kwa wasiojua, pima ni mikono minne (mkono mmoja ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole), na pima ya mtu hukaribiana na urefu wake. Mimi urefu wangu ni mita 1.58, kwa hiyo nimepungua kama sentimita 31. Nasema "kama" kwa sababu hakuna aliyenipima kabla ya upasuaji, na mimi mwenyewe haikunijia. Hilo ndilo kosa la kwanza la mradi huu na halirekebishiki. Anayesubiri upasuaji ajipime leo, aandike.

Mpango ni huu. Nitapewa dozi nane za dripu ya dawa za saratani, moja kila baada ya siku 21, kisha mionzi. Kila siku ya dozi nitapima pima yangu, na kwa siku 21 zinazofuata nitasuka ukili wenye urefu huohuo, si zaidi, si pungufu. Mwishoni vipande vyote vitashonwa kuwa mkeka mmoja. Sitaki mkeka wa kuonyesha kwamba nimeshinda. Nataka mkeka unaosema mkono ulikuwa wapi siku gani.

Gharama hadi leo: ukindu bure (wa Shangazi), rangi ya unga nyekundu pakiti mbili sh. 2,000, shazia (sindano ya kushonea mikeka) sh. 1,500, sufuria kuukuu la kuchemshia rangi sh. 4,000. Sufuria hilo lisirudi tena jikoni.

22 Februari 2024. Dozi ya kwanza. Pima: 1.31

Maandalizi kwa kifupi: kuti changa la mkindu, lile la katikati ambalo halijafunguka, hukatwa, huanikwa juani mpaka liwe jeupe, huchanwa kuwa chane, kisha huchemshwa na rangi na kuanikwa tena kivulini. Kabla ya kusuka, chane hulowekwa maji kidogo zisivunjike. Ninasuka ukili wa chane 13, upana wake sentimita 7.

Nilichagua nyekundu kwa sababu dawa yenyewe ni nyekundu. Muuguzi anaisukuma polepole kwenye mshipa wa mkono wa kulia, inapita kwenye mpira mithili ya sharubati ya rozela, na ukienda chooni baada ya saa chache unaiona imetoka vilevile. Waliniambia mapema, ndiyo maana sikushtuka. Nikaona rangi imejichagua yenyewe.

8 Machi 2024. Kidole, homa, na mambo ambayo yasirudiwe

Kumbukumbu hii naiandika kirefu kwa sababu ingeweza kunigharimu maisha.

Siku ya tisa baada ya dozi nilijisikia vizuri. Kichefuchefu kimekwisha, chakula kinashuka. Chane zilikuwa zimepungua, Shangazi amekwenda sokoni, nikachukua wembe nikaanza kuchana ukindu mwenyewe. Wembe ukateleza ukanikata dole gumba la kushoto. Kidonda chenyewe ni cha kufunga kitambaa tu. Nikakiosha kwa maji yaleyale ya kulowekea ukindu, yaliyokaa kwenye beseni tangu juzi.

Usiku baridi ikaingia. Joto lilikuwa 38.4. Nilitaka kunywa panadoli nilale. Dada yangu akakataa, akaitoa ile karatasi tuliyopewa hospitali ambayo imeandikwa wazi: joto likifika 38, usisubiri asubuhi. Tulifika saa nane za usiku. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka mno. Nikalazwa siku tatu, antibayotiki kwenye mshipa.

Nilichojifunza, kwa yeyote atakayefuata njia hii: kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dozi kinga huwa chini kabisa, hata kama mwili unajisikia mwepesi. Siku hizo nisishike wembe, kisu wala sindano. Mkono uliotolewa tezi haujilindi vizuri dhidi ya vijidudu, kwa hiyo hata mchubuko wa ukingo wa jani si wa kupuuzia. Tangu leo, anayechana ni mpwa wangu, mwenye miaka 14. Maji ya kulowekea ni safi, yanamwagwa kila baada ya kazi. Nimenunua glovu za mpira boksi moja, sh. 12,000. Kusuka nimezivaa ni taabu, zinanata, kwa hiyo navaa wakati wa kuloweka na kupanga, navua wakati wa kusuka.

Nywele zimeanza kutoka wiki hii. Asubuhi niliziona kwenye mto, jioni Shangazi akaninyoa zote.

14 Machi 2024. Dozi ya pili. Pima: 1.36

Ukili wa kwanza umekamilika jana, mita 1.31 kamili. Kwa wa pili nilipanga nyekundu tena.

Haikuwezekana. Shangazi alifungua mfuko wa chane nyekundu nikatapika kabla hata sijazishika. Si harufu, maana ukindu mkavu unanukia majani tu. Ni rangi. Mwili umeshaifunga ile rangi na dripu. Nilijaribu mara tatu katika siku mbili, nikifumba macho nione kama vidole vitakwenda vyenyewe. Vidole vinakwenda, koo linakataa.

Shangazi akasema, "Mwanangu, ukindu hauna ugomvi na wewe. Badilisha."

Nikabadilisha zambarau, pakiti sh. 1,000. Ukili mwekundu umebaki mmoja peke yake, nami nimeuacha hivyohivyo. Ushauri kwa wengine: usichague rangi ya kitu unachokunywa au kuchomwa. Na kazi ya kuchemsha rangi ihamie kwa mtu mwingine na mbali na dirisha lako, kwa sababu mvuke wake ukikukuta siku ya pili au ya tatu baada ya dozi, siku nzima imeharibika.

4 Aprili 2024. Dozi ya tatu. Pima: 1.34

Imeshuka sentimita mbili. Niliitazama futi nikamwambia dada apime upya. Akapima upya. 1.34.

Nililia, na nataka niandike kwamba nililia, kwa kuwa watu wanaokuja kunitazama wananiambia "jikaze" na mimi hujibu "nimejikaza". Ni kumi la mwisho la Ramadhani, nyumba nzima wamefunga, mimi nimeruhusiwa kula na ninakula nikiwa peke yangu jikoni kama mtoto. Tangu nitoke wodini nilikuwa nimeacha zoezi la ukutani, kwa uchovu. Kamba ya kwapani imekaza tena. Kwa hiyo ukili wa tatu utakuwa mfupi kuliko wa pili, na ndivyo utakavyoshonwa.

25 Aprili 2024. Dozi ya nne. Pima: 1.40. Mafuriko, na ukindu ulioota ukungu

Mto Rufiji umefurika. Kibiti na Rufiji mashamba yamezama, watu wamehama nyumba. Shangazi alirudi kwao baada ya Idi na sasa amekwama. Yeye mzima, nyumba yake iko juu, ila shamba la mpunga limekwenda lote. Ananipigia simu akiuliza nimekula nini.

Ukindu wetu unatoka bondeni hukohuko, na bonde liko chini ya maji. Nilimtuma mpwa wangu Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, akarudi na vicha vitatu kwa sh. 5,000 kila kimoja. Kwa nje vilikuwa vyeupe, vizuri. Kwa ndani vilikuwa na unyevu, na aliyeviuza alivifunga hivyohivyo. Siku ya nne nikaona madoa ya kijivu. Kwa mtu mwenye kinga kama yangu ukungu si wa kushikwa, sembuse kusukwa karibu na uso. Vicha viwili tukavichoma. Hasara sh. 10,000.

Namna ya kukagua kabla ya kununua, kama Shangazi alivyonielekeza kwa simu: ingiza mkono katikati ya kicha, si pembeni. Kukiwa na ubaridi, acha. Kunja jani moja: likivunjika kwa mlio ni kavu, likijikunja kimyakimya bado lina maji.

16 Mei 2024. Dozi ya tano. Pima: 1.44

Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu na mvua haikukatika. Hakuna kilichokauka nje. Tulianika chane ndani, juu ya kamba tulizofunga sebuleni toka pazia hadi kabati, nikawa nimelala chini ya ukindu unaoning'inia. Ukili wa nne umemalizika hivyo.

Dawa imebadilika kuanzia leo. Ile nyekundu imekwisha na sitaiona tena. Kwa furaha nikataka rangi yenye mwanga, na bila kununua unga wa dukani: manjano ya jikoni, vijiko vinne kwenye maji ya kuchemka, chane zikae usiku kucha. Zikatoka za kung'aa kama kiini cha yai.

6 Juni 2024. Dozi ya sita. Pima: 1.47. Ganzi, na manjano yaliyokimbia

Mambo mawili yameharibika kwa pamoja.

La kwanza ni rangi. Ukili wa tano niliuning'iniza karibu na dirisha, na upande uliotazama jua ukawa rangi ya mchanga. Manjano hayastahimili jua. Nilijaribu kuuchemsha tena ukiwa umeshasukwa, kwa unga wa dukani (sh. 1,000). Rangi ilishika juu tu, pale chane zinapopishana kukabaki weupe, ukawa na madoadoa. Rangi ipakwe kabla ya kusuka, hakuna njia ya mkato.

La pili ni vidole. Dawa hii mpya inaleta ganzi. Ilianzia vidole vya miguu, sasa imefika mikononi. Nashika chane na siijui kama nimeishika. Ukili unaotoka ni mlegevu, una matundu ambayo punje ya mchele inapita. Nilifumua sentimita 40, nikasuka, nikafumua tena. Daktari ameandika, atafuatilia kabla ya kila dozi, maana ganzi ikizidi kipimo cha dawa hupunguzwa. Mtu asiifiche kwa kuogopa kuonekana analalamika.

Kilichosaidia: nimepunguza chane kutoka 13 hadi 9, na kila chane imechanwa pana zaidi. Ukili umekuwa wa sentimita 5. Sisuki tena kwa kugusa, nasuka kwa kutazama, mchana, karibu na mlango. Ninahesabu kwa sauti: juu mbili, chini mbili. Zamani nilikuwa nasuka huku naongea. Sasa anayetaka kuzungumza nami asubiri nifike mwisho wa mstari.

27 Juni 2024. Dozi ya saba. Pima: 1.43

Hapa nina cha kusema.

Wiki iliyopita walikuja ndugu wa upande wa marehemu mume wangu, watu tisa, kutoka Tanga. Sikutaka wanikute nimelala. Nikakaa kibarazani tangu saa tatu asubuhi nasuka, nikasuka saa tatu mfululizo, wakanipiga picha, wakasema, "Mashallah, huyu mgonjwa gani?" Nilijisikia fahari kubwa. Jioni pete haikutoka kidoleni. Kesho yake mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama gunia lililolowa, na ukibonyeza ngozi alama ya kidole inabaki.

Nimekuwa nikipima unene wa mkono kila Jumatatu, sentimita 10 juu ya kiwiko, kulia na kushoto. Kabla ya hapo tofauti ilikuwa nusu sentimita. Jumatatu hii ilikuwa sentimita 2.5. Nilirudi kwa mtaalamu wa viungo, akanifundisha kukanda kwa kupapasa polepole kuelekea begani, akanielekeza nipate soksi ya mkono ya kubana. Sh. 38,000, ndicho kitu ghali kuliko vyote katika mradi huu. Na wiki mbili bila kusuka.

Nimeangalia namba zote tangu Februari. Mara mbili pima imerudi nyuma. Mara ya kwanza niliacha zoezi la ukutani, mara ya pili niliutumia ili watu waone. Wiki ambazo ilipanda ni zile ambazo hakuna aliyekuja: dakika 20 asubuhi, dakika 20 alasiri, katikati mkono umewekwa juu ya mto, na ukuta mara tatu kwa siku. Ukili nao unanionyesha hivyohivyo. Sehemu niliyosuka mbele ya wageni imevutwa mno, chane mbili zimepasuka katikati. Sikuzibadilisha.

Utaratibu mpya: kipima saa cha simu, dakika 20, kikilia naweka chini hata kama chane iko mkononi.

18 Julai 2024. Dozi ya nane. Pima: 1.49

Dozi ya mwisho ya dripu. Uvimbe umeshuka, tofauti sasa ni sentimita 1. Soksi naivaa mchana.

16 Agosti 2024. Kuinua mikono

Kwenye mionzi unalala chali na mikono yote juu ya kichwa, hutikisiki, mpaka mashine imalize. Asiyeweza kuinua mkono hawezi kupangiwa vizuri. Walipokuja kunichorea alama kifuani kwa wino, fundi wa mionzi akaniambia, "Mama, jaribu kuinua," akiwa amejiandaa kunisaidia. Mkono ukapanda wenyewe ukalala kwenye kishikio. Akashangaa. Nikamwambia ni ukili, hakunielewa, na foleni ilikuwa ndefu.

Nitapigwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia tarehe 19. Nimepanga ukili mmoja kwa kila wiki, vitakuwa vitano, rangi ya kijani, chane 13 kama ganzi itaruhusu. Kila kimoja nitakianza wiki yake, nimalizie baadaye.

24 Septemba 2024. Mionzi imekwisha. Pima za wiki tano: 1.52, 1.52, 1.53, 1.50, 1.50

Ngozi ya kwapa ilibadilika kuwa nyeusi, ikachubuka wiki ya nne, ndiyo maana pima imeshuka. Imeanza kupona. Ganzi ya mikono imepungua, ya miguu bado ipo.

20 Oktoba 2024. Kushona, na pembe za mkeka

Shangazi amerudi. Tulipanga vipande vyote 13 sakafuni kwa mfuatano, upande mmoja umelingana. Upande wa pili ukawa kama ufukwe: unaingia, unatoka, unarudi, unaenda. Mimi niliupenda hivyo. Shangazi akatingisha kichwa. "Mkeka usio na pembe utafumuka. Na nani ataukalia?"

Nikashona vipande vinne vya kwanza nimwonyeshe. Alikuwa na haki. Ncha zilizojitokeza zilianza kujikunja juu usiku uleule, na uzi wa mwisho ukalegea.

Nilifikiria kukata vyote vilingane na kifupi kuliko vyote, 1.31. Sikuweza hata kushika mkasi. Tulikaa nalo siku mbili. Suluhisho likatoka kwa Shangazi: tuendeleze kila ukili kwa chane nyeupe, zisizo na rangi, hadi vyote vifike 1.60. Rangi inaishia pale mkono ulipoishia, baada ya hapo ni weupe. Mkeka unapata pembe zake nne, na ule ufukwe unabaki ndani.

Ingekuwa rahisi kama ningejua mapema. Kwa vile nilikuwa nimeshafunga ncha, kila ukili ulibidi ulowekwe mwishoni, ufumuliwe sentimita 10, kila chane iungwe na nyeupe chini yake, isukwe upya. Vipande 13. Kazi ya wiki mbili na nusu, ukindu mweupe vicha viwili sh. 6,000. Atakayeiga asifunge ncha: akifika kwenye pima ya siku, abadilishe chane ziwe nyeupe na aendelee.

Kushona kwa shazia nimevaa subana vidole viwili, maana bado sihisi vizuri nikichomwa. Mkono wa kushoto unashikilia tu, wa kulia ndio unaochoma.

23 Novemba 2024. Umekamilika. Pima: 1.55

Urefu mita 1.60, upana sentimita 83, pindo la nyeupe pande zote. Gharama yote, pamoja na kilichochomwa na kilichoharibika: sh. 80,500. Ukiondoa soksi na glovu, ambazo ningezihitaji hata bila mkeka, ni sh. 30,500.

Ukiutazama kwa karibu, ukili wa tano una madoadoa, wa sita una zile chane mbili zilizopasuka, na wa kwanza ni mwekundu peke yake. Siku hizi naweza kuutazama. Nimeuswalia adhuhuri ya jana, mkono wa kushoto umeegemea sehemu ya zambarau.

Leo kliniki nilikwenda nao, mtaalamu wa viungo aliomba kuuona. Kwenye benchi alikaa dada mmoja, upasuaji wake ni Jumatano. Aliuliza ule mstari unaopinda ni ua gani. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akampa mama yake mkoba, akasimama katikati ya korido, akanyoosha mikono yote miwili hadi mwisho. Nilikuwa na futi kwenye pochi.

"Ngapi?" akauliza.

"Mita 1.64."

"Niandikie, dada."

Nikamwandikia nyuma ya kadi yake ya miadi, pamoja na tarehe.